Barua kwa Mwanangu: Vita Vikiisha, Marubani Huenda Wapi?

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeisoma mara mbili: mara ya kwanza haraka haraka nikitafuta habari za afya yako, na mara ya pili polepole, nikiwa barazani na miwani yangu. Sisi huku Tanga hatujambo, na mama yako anakusalimu sana.

Umeniuliza jambo moja, nami nitalijibu hilo hilo. Unasema umekwisha kupata leseni ya rubani binafsi na una akiba ya kuanzia leseni ya biashara, lakini mwalimu mmoja chuoni amewaambia kuwa vita vya Ulaya vikimalizika marubani wa kijeshi watamiminika kwenye mashirika ya ndege, nanyi mtabaki na leseni mikononi bila ndege ya kurusha. Ukataka kujua, kwa kuwa baba yako ameishi karakana umri wake wote, ilikuwaje safari iliyopita, Vita Kuu ya Pili ya Dunia vilipokwisha.

Nilipoingia karakana ya Shirika la Ndege la Afrika Mashariki mjini Nairobi mwaka 1971, nikiwa na miaka 19, kazi ya kwanza niliyopewa ilikuwa kukwangua rangi kwenye tumbo la Dakota, ndege ya injini mbili ya kubebea watu na mizigo, iliyokuja kufanyiwa matengenezo makubwa. Nilianza na nyeupe, chini yake nikakuta rangi ya fedha, na penye maungio ya mabati, mahali ambapo dawa ya kutoa rangi haikuwahi kufika vizuri, nikakuta kijani kilichofifia, kijani cha jeshi. Karibu na mlango wa chumba cha marubani palikuwa na kibati kidogo chenye mwaka 1943. Msimamizi wetu, Mwingereza aliyekuwa fundi wa jeshi la anga wakati wa vita, alinikuta nimekishika kile kibati akacheka, akaniambia kuwa yeye na ndege ile walivuliwa magwanda mwaka mmoja. Maneno hayo nimekaa nayo miaka yote, kwa sababu ndani yake mna nusu ya jibu lako.

Marekani peke yake iliunda ndege zaidi ya 96,000 mwaka 1944. Ndege za aina hiyo ya Dakota, ukihesabu za jeshi na za kiraia, zilitoka viwandani zaidi ya 10,000. Kwa upande wa watu, jeshi la anga la Marekani, ambalo wakati huo lilikuwa chini ya jeshi la nchi kavu, lilifundisha marubani zaidi ya 190,000 kati ya 1939 na 1945, na huko Canada mpango wa pamoja wa Jumuiya ya Madola ulitoa wanahewa zaidi ya 131,000, wakiwamo marubani, wapimaji wa njia, watu wa redio na wapiga bunduki za ndegeni. Kisha, Agosti 1945, vita vikaisha. Fikiria mji uliochimba visima elfu moja ghafla ukabaki na watu wa kunywa kisima kimoja. Viwanda vilifuta maagizo, wafanyakazi wakarudishwa majumbani, na ndege nyingine mpya kabisa zikapelekwa moja kwa moja jangwani Kingman, Arizona, zikapangwa kwa maelfu zikisubiri kuyeyushwa.

Kwa hiyo mwalimu wenu hakusema uongo. Mafuriko yalikuwapo. Alichokosea ni kudhani kwamba kila aliyekuja na mafuriko alipata pa kutua.

Tazama mambo yalivyokwenda. Kwanza, nafasi hazikuwa wazi kama zinavyoonekana kwa mbali, maana sheria ya Marekani ilimpa aliyeitwa jeshini haki ya kurudishiwa kazi yake ya zamani, na katika mashirika ya ndege aliyetangulia kazini ndiye anayetangulia katika kila kitu, kuanzia njia atakayopangiwa hadi siku atakayopanda cheo kuwa kapteni. Pili, ujuzi haukuwa wa aina moja. Kijana aliyepewa mabawa yake ya urubani akiwa na saa 200 hivi, kisha akapigana peke yake ndani ya ndege ya injini moja, alikuwa hodari kuliko mimi na wewe, lakini shirika lilikuwa likitafuta mtu wa kupeleka injini mbili au nne usiku, ndani ya mawingu, kwa kutazama vyombo tu, akiwa na mwenzake kando, na afike kwa saa iliyoandikwa kwenye tiketi. Aliyekuwa akibeba mizigo ya jeshi kutoka bara hadi bara alikuwa karibu zaidi na kazi hiyo kuliko shujaa wa magazetini. Tatu, na hili ndilo watu husahau, vita huzaa marubani na ndege lakini havizai abiria. Mashirika ya Marekani yalipanuka kwa pupa mara baada ya vita, na kufikia 1947 yalikuwa yakipata hasara.

Wengi basi waliweka kofia chini. Serikali ya Marekani iliwasomesha waliotoka vitani kwa sheria ya mwaka 1944, wapo waliotumia fedha hizo kuongeza leseni za urubani, na wapo, wengi zaidi, waliokwenda kusomea uhandisi, sheria au biashara na hawakushika tena usukani wa ndege. Silioni hilo kuwa la kusikitisha. Kuna mtu aliyeruka kwa sababu vita vilimtaka aruke, si kwa sababu alikuwa na wito huo.

Wengine walijitengenezea kazi, na hapa mambo yananoga. Robert Prescott, aliyepigana China pamoja na kikosi cha Wamarekani cha kujitolea, alikusanya wenzake mwaka 1945 wakanunua ndege zilizozidi mahitaji ya jeshi la majini, wakaanza kubeba mizigo. Kampuni yao ikaja kuitwa Flying Tiger Line, ikadumu hadi iliponunuliwa na FedEx mwaka 1989. Uingereza palikuwa na Freddie Laker, ambaye wakati wa vita alikuwa mhandisi katika kikosi cha raia waliopeleka ndege kutoka viwandani hadi kwenye vituo vya jeshi. Alinunua ndege za mabomu aina ya Halifax zilizogeuzwa kuwa za mizigo wakati hakuna aliyezitaka. Juni 1948 Wasovieti wakafunga barabara na reli za kwenda Berlin Magharibi, na ghafla kila kilichoweza kuruka kikahitajika kupeleka makaa ya mawe, unga na mafuta. Hadi shughuli ile inakwisha Septemba 1949, zilikuwa zimeingia tani zaidi ya milioni 2.3, na ndege za Laker zilikuwa miongoni mwa zilizozibeba. Mji ulipofunguliwa, akarudi kwenye biashara ya kuvunja ndege na kuuza chuma chakavu. Angalia mwanangu: mtu aliyejua injini alipata riziki ndege ikiruka, na alipata riziki ndege ikifa. Utaniambia naipigia debe kazi yangu. Naam, naipigia.

Kwetu Afrika Mashariki hadithi ni ndogo lakini ni ile ile. Kabla ya vita tulikuwa na Wilson Airways, iliyoanzishwa Nairobi mwaka 1929 na mama mmoja, Florence Kerr Wilson. Vita vilipoanza ndege na marubani wake walichukuliwa na serikali, na kampuni ikawa imekwisha. Tarehe 1 Januari 1946 likaanza Shirika la Ndege la Afrika Mashariki kwa ndege sita ndogo za mbao na kitambaa aina ya Rapide, na miongoni mwa waliozirusha na kuzitengeneza walikuwamo watu waliotoka vitani. Mwaka uliofuata ukaja ule mradi wa Waingereza wa kulima karanga huko Kongwa na Nachingwea, ambao nao ulisomba askari waliostaafu, hata vifaru vya Sherman vikageuzwa matrekta. Ulikufa mwaka 1951 bila karanga za kujaza ghala, ila ulikuwa umewapa watu na vipuri sababu ya kupanda ndege kwenda kusini mwa Tanganyika. Askari wetu wenyewe waliorudi kutoka Burma wakiwa madereva na watu wa simu hawakuwa na mlango wa kuingilia urubani. Kilichowafaa kilikuwa lori, si ndege.

Nimefika kwenye milango, na hapo nitakaa kidogo kwa kuwa wewe ni mwanamke na ni Mwafrika.

Wanawake wa Marekani 1,074 walihitimu mafunzo ya kurusha ndege za jeshi ndani ya nchi ili wanaume waende vitani. Walirusha ndege za mabomu na za kivita, wakavuta shabaha angani huku askari wanafunzi wakizilenga kwa risasi za kweli, na 38 walikufa. Kikosi chao kilivunjwa tarehe 20 Desemba 1944, kabla hata vita havijaisha, na hawakutambuliwa kuwa walitumikia jeshi hadi mwaka 1977. Mashirika makubwa hayakuwaajiri kuwa marubani. Emily Howell Warner alipoajiriwa kuwa rubani na shirika la ndege la Frontier mwaka 1973, ilikuwa habari ya magazeti. Marubani weusi wa Marekani waliofunzwa na jeshi huko Tuskegee, Alabama, walikuwa karibu 1,000, baadhi yao wakapigana Afrika Kaskazini na Italia, nao walirudi wakakuta mlango umefungwa. Perry Young, aliyekuwa mwalimu wa urubani huko Tuskegee, alikwenda kutafuta kazi visiwani Karibi, mpaka kampuni ya helikopta ya New York ilipomchukua mwishoni mwa 1956. Marlon Green, rubani wa jeshi la anga, aliomba kazi shirika la ndege la Continental mwaka 1957, akakataliwa, akashtaki, akashinda katika Mahakama ya Juu mwaka 1963, akaanza kazi 1965. Hao hawakukosa saa za kuruka wala vyeti. Wajerumani nao walipigwa marufuku kuwa na usafiri wao wa anga, na Lufthansa mpya haikuruka hadi 1955. Lakini hiyo ilikuwa adhabu ya kushindwa vita, si sawa na hii ninayokusimulia.

Sasa nije kwako. Rubani wa ndege ya kivita ya leo akitoka jeshini bado atahitaji leseni ya kiraia, na kwa kanuni za kimataifa leseni ya juu kabisa ya urubani wa mashirika inadai saa 1,500. Wapo watakaokuja, hasa wale wa ndege za mizigo za jeshi, nao watakuwa na saa nyingi kuliko wewe. Lakini hawatakuja Tanga kurusha ndege ya watu kumi na wawili kwenda Pemba na Mafia, na huko ndiko utakakoanzia. Kitu kinachonitia wasiwasi ni kingine: siku abiria watakapopungua, kama walivyopungua 1947, na kama ulivyoona mwenyewe mwaka 2020 viwanja vilipokuwa kimya. Siku hiyo hakuna wa kulaumiwa, na anayesalia ni yule mwenye ujuzi wa ziada.

Kwa hiyo endelea. Ila anza na idhini ya kuruka kwa vyombo na ya injini mbili mapema kadiri chuo kitakavyokuruhusu, na ukipata nafasi ya kukaa karakana jioni ukiwashikia mafundi tochi, kaa. Fedha usilipe zote kwa pamoja. Umeandika kuwa chuo kinatoa punguzo kwa anayelipa ada yote mbele. Chuo kikifunga milango, punguzo halirudishi ada. Lipa kwa hatua, kila hatua na risiti yake.

Jirani yetu anakuja Dar es Salaam Ijumaa kwa basi la asubuhi. Nimempa bahasha ya kaki, ndani mna mchango wangu na wa mama yako kwa hatua ya kwanza tu. Ule mkataba wa chuo mpe arudi nao Jumapili, niusome kabla hujatia saini.

Baba yako.