Kurudisha memori kwenye kerneli: kfree yako iweje?

Mkuu, kwa wanaoingia sasa kwenye uzi, swali lako kwa kifupi ni hili: unaandika kerneli (kiini cha mfumo endeshi) ndogo ya mradi wa mwaka wa mwisho, umeanzia xv6, mfumo mdogo wa kufundishia wa MIT, upande wa prosesa za RISC-V; kalloc, fanksheni ya kugawa memori, umeielewa, ila kfree, ya kuirudisha, inakusumbua. Itoe jibu la kufaulu au kushindwa? Idai ukubwa? Ikipewa NULL (anwani sifuri, yaani hakuna kitu) ifanyeje? Na mbona mashine inaangukia mahali ambapo hujagusa kabisa?

Naanza na hilo la mwisho, maana ndilo lililonifundisha hayo mengine.

Miaka kadhaa nyuma nilikuwa naandika draiva ya kifaa cha kusoma mita za maji, kibao kidogo cha saketi chenye prosesa ya ARM ya biti 32 kinachoendesha Linux. Mezani kilikuwa safi. Ukichomoa redio na kuichomeka tena mara kumi hivi, kinaanguka, na kinaangukia ndani ya msimbo wa mtandao, si kwangu. Siku tatu tukamsakama jamaa aliyeandika upande wa mtandao, mpaka akaacha kunywa chai na sisi. Siku ya nne, kwa kukosa la kufanya, nikaongeza slub_debug=FZPU kwenye vigezo vya kuwashia kerneli. Safari hii kikaangukia kwangu. Anwani iliyoshindikana kusomwa: 6b6b6b7b. Na mistari michache juu yake kwenye logi, mahali palipotakiwa kuwa na jina la kifaa, palikuwa na "kkkkkkkkkkkk".

0x6b ni herufi k. Ukiwasha ile P kwenye kigezo kile, Linux kila inaporudishiwa kitu inakipaka 6b mwanzo hadi karibu na mwisho, na baiti ya mwisho kabisa inaweka a5. Kwa hiyo anayesoma kitu kilichokwisha kurudishwa anakutana na k tupu, na akizifuata kana kwamba ni pointa (anwani ya kitu kingine) anaishia kwenye anwani ambayo haipo. 6b6b6b7b ni 6b6b6b6b ukiongeza 16: nilikuwa nasoma sehemu iliyo baiti 16 ndani ya struct (fungu la data) ambayo pointa yake ilishakuwa rangi.

Kosa lilikuwa langu. Redio inapochomolewa nilikuwa naita kfree kwenye struct ambayo bado inatumiwa na taima iliyo mahali pengine inayoendelea kuhesabu. Nusu sekunde baadaye taima inalia, inaingia kwenye struct, kumbe nafasi ile imeshapewa mtandao kuhifadhi pakiti zake. Bila ile rangi, nilikuwa naandika juu ya pakiti za watu na wao ndio wanaanguka. Tiba ilikuwa mstari mmoja kabla ya kfree: del_timer_sync, ambayo matoleo ya karibuni yanaiita timer_delete_sync. Jamaa wa mtandao nilimnunulia chipsi mayai, yakaisha.

Sasa njoo kwenye usanifu. Fanksheni ya kurudisha ndiyo mara ya mwisho kerneli inakiona kitu kikiwa bado kina mwenyewe. Baada ya hapo hakuna anayejua kilikuwa cha nani. Ndiyo maana mimi naibuni nikimfikiria anayeiita vibaya; anayeiita vizuri hana shida na fanksheni yoyote ile.

Waandishi wa xv6 walilijua hilo. Fungua kalloc.c uone: kfree kwanza inahakiki kwamba anwani inagawanyika kwa 4096 (baiti za ukurasa mmoja wa memori) bila kubakiza, haiko chini ya mwisho wa kerneli yenyewe, na haijafika PHYSTOP, mwisho wa memori yote. Lolote likigoma, panic, yaani kerneli inajisimamisha makusudi. Kisha, kwa memset, inaijaza kila baiti ya ukurasa namba 1. Watu wengi kwenye kozi wanaiona memset ile ni kupoteza muda, wanaifuta ili kerneli "iwe na kasi". Usiifute! Hiyo ndiyo 6b yako. Kalloc nayo inajaza 5, kwa hiyo ukiona 0x0505050505050505 kwenye rejista ujue umesoma ukurasa mpya kabla hujaandika chochote ndani yake, na ukiona 01 nyingi ujue unasoma ukurasa uliokwisha kuurudisha.

Ila kuna kosa moja xv6 hailikamati, na nikisoma maelezo yako nadhani ndilo linalokuangusha: kurudisha ukurasa mmoja mara mbili.

Kurasa zilizo wazi zimeshikana mnyororo, kila ukurasa unabeba kwenye baiti zake 8 za mwanzo anwani ya unaofuata. Tuseme umerudisha ukurasa A. Kichwa cha mnyororo ni A, na A inaelekeza B. Ukairudisha A tena: A inaelekezwa kwa kilicho kichwani, yaani A yenyewe. Hakuna kinacholia. Kalloc ya kwanza inatoa A, kichwa kinabaki A, ukurasa unajazwa 5. Kalloc ya pili inatoa A ileile kwa mtu mwingine, na kama yule wa kwanza hajaandika kitu, kichwa kinasomwa kutoka humo ndani: 0505050505050505. Kalloc ya tatu inajaribu kuingia huko na mashine inaanguka. Aliyeanguka ni mwombaji wa tatu, asiyehusika hata kidogo. Ukimkuta huyo wa tatu kwenye logi na kuanza kumkagua yeye, utakesha.

Kuna watu watakushauri uangalie tu kama ukurasa unaorudishwa ni sawa na kichwa. Linux yenyewe ina ukaguzi wa namna hiyo ukijenga kerneli na CONFIG_SLAB_FREELIST_HARDENED, na ni rahisi sana kwa prosesa. Lakini rudisha A, kisha B, kisha A: kichwa ni B, ukaguzi unapita, na mnyororo umekuwa duara. Kwa kerneli inayohudumia dunia nzima huo ni mwafaka unaoeleweka. Kwako si lazima, na sababu ni hesabu ndogo tu.

Xv6 inajihesabia MB 128. Gawa kwa 4096, ni kurasa 32,768. Biti moja kwa kila ukurasa ni biti 32,768, ambazo ni baiti 4,096. Ukurasa mmoja! Kwa gharama ya ukurasa mmoja kati ya elfu thelathini na mbili na ushee unakamata kila urudishaji wa mara mbili, uwe umefuatana au haukufuatana, ilimradi ukurasa haujagawiwa upya katikati:

static uchar wazi[4096];

uint64 n = ((uint64)pa - KERNBASE) / PGSIZE;
acquire(&kmem.lock);
if(wazi[n/8] & (1 << (n%8)))
  panic("kfree: umerudishwa mara mbili");
wazi[n/8] |= 1 << (n%8);
release(&kmem.lock);

Kwenye kalloc unaifuta biti hiyo, ukiwa umeshika kufuli ileile (inayozuia prosesa mbili kugusa mnyororo kwa pamoja). Na hapa kuna mtego ambao mimi mwenyewe ulininasa. Kwenye xv6 memset inatangulia kufuli, na hilo ni jambo zuri, hutaki prosesa nyingine zisubiri baiti 4096 zikijazwa. Lakini ukiweka ukaguzi wako chini pamoja na kufuli ya asili, utakuwa umeshapaka 1 juu ya ukurasa ambao tayari una mnyororo ndani yake. Weka ukaguzi kabla ya memset, achia kufuli, paka rangi, kisha shika kufuli tena uunge ukurasa kwenye mnyororo. Hapo katikati biti inasema "wazi" wakati ukurasa haujaungwa, na si tatizo, kwa sababu kalloc haiwezi kutoa kisichokuwa kwenye mnyororo. Wala hutahitaji kuandaa jedwali mwanzoni: linaanza na sifuri tupu, maana yake "hakuna kilicho wazi", na kinit, fanksheni ya kuandaa memori kerneli inapowaka, inaita kfree kwa kila ukurasa, hivyo jedwali linajijaza lenyewe.

Itoe jibu? Hapana, iwe void, yaani isitoe jibu lolote. Jiulize anayeita atalifanyia nini jibu la kushindwa. Mara nyingi kfree inaitwa mtu akiwa tayari anarudi nyuma: ameomba vitu vitatu, cha tatu kimekosekana, anabomoa cha pili kisha cha kwanza. Ukimwambia kubomoa nako kumeshindikana, hana pa kwenda. Kwa sababu hiyohiyo, kurudisha kusihitaji kuomba memori ili kufanya kazi yake. Mtu anaita kfree kwa sababu memori imeisha, nawe unamwambia subiri kwanza nitafute memori?

NULL iipokee kimyakimya, hata kama xv6 inaipigia panic. Ngazi za kubomoa zinakuwa fupi na hazihitaji if kila hatua. Linux inakwenda mbali zaidi: ukiomba baiti sifuri unapewa pointa yenye thamani 16, na kfree inaikubali pia bila maneno.

Ukubwa ndio wenye ubishi wa kweli, na mifumo mikubwa haikubaliani. Solaris, ambako Jeff Bonwick alitoa mgawaji wake wa slab (wa kugawa vitu vidogo kutoka kwenye kurasa) mwaka 1994, kmem_free inadai ukubwa. OpenBSD waliongeza ukubwa kwenye free ya kerneli mwaka 2014. Linux haidai: inachukua anwani, inatafuta ukurasa wake, na ukurasa unasema kitu hiki ni cha kashe (fungu la vitu vya ukubwa mmoja) ipi. Kudai ukubwa kunakupa ushahidi wa pili, anayeita akisema 96 na wewe una 128 umeshamnasa. Ila naye anaweza kukosea na kukuharibia usipohakiki. Wewe unagawa kurasa nzima tu, kwa hiyo achana nalo. Siku ukianza kugawa vitu vidogo, usiweke ukubwa kwenye kichwa (baiti za maelezo) mbele ya kitu. Anayeomba 4096 ghafla anahitaji kurasa mbili, na jirani akifurika kidogo tu, cha kwanza kuharibika ni kile kichwa.

Umetaja pia kwamba fork yako (ya kunakili programu inayoendeshwa) itashiriki kurasa mpaka mmoja aandike. Hapo usiigeuze kfree iwe ya kupunguza hesabu ya wenye ukurasa. Wengi wanafanya hivyo, na inafanya kazi, lakini ile ramani ya biti (jedwali letu la wazi) inapoteza nusu ya faida yake, kwa sababu kurudisha mara mbili ukurasa wenye wenyewe wawili kunaonekana halali. Andika fanksheni nyingine, iite uondoke_ukurasa au utakavyo, ipunguze hesabu ikiwa imeshika kufuli, na ikifika sifuri ndiyo iite kfree. Kupunguza na kukagua vifanyike ndani ya kushika kufuli kumoja. Ukiachia katikati, prosesa mbili zinaweza kuiona sifuri ileile, na umerudi kwenye A iliyorudishwa mara mbili.

Ukimaliza, endesha usertests, programu ya majaribio inayokuja na xv6. Inahesabu kurasa zilizo wazi mwanzoni na mwishoni, na zikipungua inalalamika kwamba baadhi zimepotea. Ramani ya biti inakamata waliorudisha zaidi, usertests inakamata waliosahau kurudisha. Kama panic mpya ikitokea, usiweke picha ya skrini, bandika hapa maandishi ya sepc na stval (rejista zinazoonyesha ilipoangukia na anwani iliyoshindikana) pamoja na kfree yako yote.