Treina ya ndani kwa msimu wa mvua

Ndugu, umeuliza kama treina ya smati (mashine ya kufungia baiskeli ukanyage ndani ya nyumba, inayounganishwa na app) inafaa bei yake ama uchukue ya kawaida, ili mvua za Kampala zisikuue mazoezi. Mi naanza na umeme wako kwanza. Zile za smati unazotoa gurudumu la nyuma ukafunga cheni kwenye mashine yenyewe ni tamu kweli, kelele kidogo, zinapima wati (nguvu unayokanyagia) vizuri, na ukiwa Zwift, ile app ya kuendesha baiskeli kwenye skrini, ukifika mlimani mashine inakubana yenyewe, ila nyingi zinataka kuchomekwa ukutani na intaneti isiyosuasua, sasa umeme ukienda katikati ya zoezi utafanyaje?

Kwa pesa ya kawaida chukua ile ya mafuta (si ya petroli, ni mafuta ya ndani yanayoleta uzito), tairi linakaa juu ya rola. Haihitaji umeme, ukikanyaga kwa kasi inakuwa nzito yenyewe. Shida yake ni tairi, linapata moto na kulika haraka, na kama ni la mtb (baiskeli ya milimani) lenye meno litanguruma mpaka jirani agonge mlango, weka laini. Halafu jaza upepo kiasi kilekile kila siku maana ukipungua linateleza kwenye rola na uzito unabadilika.

Feni usiiache kabisa!! Wazungu wanatumia hizi vitu kwenye baridi, wewe hapa utalowa jasho dakika kumi tu, tandika taulo kwenye usukani, jasho linakula nati za pale.

Baiskeli yako ekseli ya nyuma ni ya kupenya (thru-axle) au ya kukaza kwa mkono (quick release)? Weka picha kabla hujalipa, treina zingine zinataka adapta ya ekseli.