Mguu Uliowahi Kupata Ufa na Mtoto wa Miezi Mitatu: Nirudi Lini Barabarani?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mama wa mtoto mmoja, mkazi wa Tabata, Dar es Salaam. Nimewahi kukimbia nusu marathoni kule Moshi, kisha nikapata ufa mwembamba kwenye mfupa wa ugoko wa kushoto. Daktari alinipumzisha, na kabla sijarejea barabarani nikabeba mimba. Nilijifungua kwa njia ya kawaida. Sasa mtoto ana miezi mitatu, ananyonya maziwa yangu tu, na likizo ya uzazi imekwisha. Wenzangu wa jogging wananiita kila Jumamosi, mama mkwe anasema mbio zitakausha maziwa, na nafsi yangu iko kwenye kilomita 42 za Kilimanjaro Marathon mapema mwakani. Jambo ninaloona aibu kulisema ni kwamba nikipiga chafya mkojo hunitoka. Nianze lini, na nianzeje? – Mama wa Tabata

JIBU: Marahaba, mama. Naanza na hilo la aibu, kwa kuwa ndilo litakaloamua mengine. Misuli iliyo chini ya nyonga, inayobeba kibofu na mji wa mimba, ilinyooshwa mno wakati wa kujifungua, na kila hatua ya mbio huishushia uzito mkubwa kuliko hatua ya kutembea. Mkojo unaotoka kwa chafya unakuambia kwamba misuli hiyo bado haijawa tayari. Wanawake wengi hupatwa na hali hii na hunyamaza, ilhali inatibika. Bana misuli hiyo kama mtu anayezuia mkojo na upepo kwa pamoja, hesabu hadi kumi taratibu bila kuzuia pumzi, kisha uilegeze kabisa, na urudie mara kadhaa kwa siku, hata ukiwa kwenye foleni ya daladala. Pamoja na hayo, mwone mtaalamu wa fiziotherapia hospitalini akupime. Akikuta uzito unaoshuka ukeni au misuli ya tumbo iliyoachana katikati, atakupangia mazoezi yake kabla ya mbio.

Sheria yetu ya ajira humpa mama likizo ya siku 84, yaani wiki 12 kamili. Mwongozo uliotolewa na wataalamu wa fiziotherapia wa Uingereza mwaka 2019 nao unashauri mama asianze kukimbia kabla ya wiki 12. Kufanana kwa hesabu hizi kunawapotosha wengi, kwa maana siku ya kurudi kazini huonekana pia kuwa siku ya kurudi barabarani. Wiki 12 ni mwanzo wa kupimwa, na anayefaulu vipimo ndiye anayeanza. Isitoshe, wiki ya kwanza kazini, yenye usingizi wa kukatikakatika na maziwa ya kukamua, naiona kuwa wiki mbaya kuliko zote ya kuanzisha jambo jipya mwilini.

Tuje kwenye mguu, ambao kwa upande wangu unanitia wasiwasi kuliko nyonga. Mama anayenyonyesha hupoteza kwa muda sehemu ndogo ya madini ya mifupa yake, na huyarudisha baada ya kumwachisha mtoto ziwa. Kwa mtu ambaye mfupa wake haujawahi kupata ufa, jambo hilo kwa kawaida halina madhara, lakini wewe una historia, na mama asiyelala wala kula vya kutosha huchelewa kujenga upya mfupa unaochoshwa na mbio. Paula Radcliffe wa Uingereza alijifungua Januari 2007 akashinda New York Marathon Novemba mwaka huohuo, na watu hulisimulia hilo kwa kumhimiza kila mama. Kisichosimuliwa sana ni kwamba kati ya tarehe hizo mbili alipata ufa kwenye mfupa wa chini ya mgongo, naye alikuwa na wataalamu wa kumhudumia.

Kwa hiyo jipime nyumbani. Kwanza tembea haraka kwa nusu saa. Kisha simama kwa mguu mmoja kwa sekunde kumi, chuchumaa kidogo kwa mguu huohuo mara kumi, na urukeruke hapohapo mara kumi, halafu ubadilishe mguu. Usiku, kabla ya kulala, pitisha kidole gumba juu ya mfupa wa ugoko ukiubonyeza kutoka gotini hadi kifundoni. Maumivu yaliyotawanyika kwenye nyama ni uchovu wa kawaida, bali ukikuta mahali pamoja, padogo kama sarafu, panapouma juu ya mfupa wenyewe, acha kila kitu urudi kwa daktari. Vilevile mkojo ukitoka katika zoezi lolote kati ya hayo, bado hujafika.

Ukifaulu, anza kwa kukimbia dakika moja na kutembea dakika nne, mara sita, siku tatu kwa wiki zisizofuatana. Kwa sasa achana na mchanga wa Coco Beach, ambao ni laini na umeinama kuelekea baharini, kwa hiyo mguu mmoja hubeba zaidi ya mwenzake. Uwanja wa shule ulio jirani nawe, wenye udongo ulioshikamana, unafaa zaidi. Wenzako wa Jumamosi waambie utawafuata kwa kutembea, kwa sababu najua kundi likianza kuimba hakuna anayekumbuka saa.

Mama mkwe mweleze kwa heshima kwamba mazoezi ya wastani hayapunguzi maziwa. Kinachoweza kuyapunguza ni njaa na kiu, kwa hiyo hoja yake isikupite bure: mnyonyeshe mtoto kwanza, ndipo utoke, ule mlo wa ziada kila siku, na mboga isikose dagaa wanaoliwa pamoja na miba yao, maana humo mna kalisi (kalsiamu), madini ya mifupa.

Kuhusu Moshi, kilomita 42 za mwakani nakukatalia. Desemba na Januari joto la Dar es Salaam litakuwa limepanda, wakati ambapo mazoezi yako yangepaswa kuwa marefu, na mtoto atakuwa bado ananyonya. Ikiwa kufikia mwisho wa Novemba utakuwa unakimbia saa nzima bila maumivu wala mkojo kutoka, jiandikishe kilomita 21, na mlima wa Mweka ulio kwenye njia ya mbio hizo uupande kwa kutembea. Ikiwa bado, ziko kilomita 5.