Usikate masega kabla hujaweka geji

Mkuu, hiyo Toyota IST usiipeleke kwa fundi kesho. Umesema haina nguvu, inatetemeka ikiwa silensa (injini inawaka, hujakanyaga mafuta), inakula mafuta, na fundi ameshakwambia masega (kile kichujio cha moshi kwenye ekzosi, catalytic converter) yameziba, yakatwe, uwekewe bomba la ekzosi la inchi mbili na nusu mpaka nyuma. Umeuliza na plagi na oili. Hayo tuyaache kwanza, hilo la kukata ndilo limenitoa jasho mimi, gari kama yako, injini hiyohiyo ya 1NZ.

Gari yangu ilianza uzito hivihivi. Ubungo kupanda Kimara napitwa na daladala zimejaa mpaka mlangoni. Nikaenda kwa fundi mmoja Tabata. Akaweka kiganja kwenye mdomo wa ekzosi, akatikisa kichwa: "Bosi, masega yamekufa, gari haipumui." Basi, kipimo kikaishia kwenye kiganja! Akakata, akachomelea bomba nene, nikalipa laki mbili na themanini, na masega akabaki nayo yeye. Mle ndani mna platinamu, paladiamu na rodiamu, wanunuzi wanapita gereji hadi gereji kuyatafuta. Fundi anayekwambia "toa" kabla hajafungua hata boneti, muulize kwanza masega yatabaki na nani. Nikikumbuka bado damu inachemka.

Gari ikanguruma kama fuso la mchanga, ikatembea kama bajaji yenye abiria wanne. Kwenye foleni ya Mwenge, pale unapoondoka na kusimama, ilikuwa nzito kuliko mwanzo. Sababu nimekuja kuielewa baadaye. Moshi hutoka kwenye silinda kwa mapigo. Kila pigo likikimbia kwenye bomba la saizi yake, nyuma yake linaacha mvuto, na mvuto huo unasaidia kumalizia moshi uliobaki na kuingiza hewa mpya. Ukiweka bomba pana kwenye injini ndogo, moshi unapoa, unapunguza kasi, mvuto unapotea. Kinachoumia ni nguvu ya chini, na Dar hii ndiyo tunayoendeshea siku nzima.

Kosa lililoniuma zaidi ni la pili. Nikalalamika, wajuaji wakaniambia "injini inahitaji presha ya nyuma, rudisha masega." Ndugu zangu, acheni kuwaambia watu hivyo! Injini haihitaji kuzibwa pumzi. Presha ikirudi nyuma, pistoni inatumia nguvu kuusukuma moshi, mwingine unabaki ndani ya silinda, na hewa mpya inakosa nafasi. Injini inataka njia nyepesi ambayo moshi unapita kwa kasi, hayo ni mambo mawili tofauti. Mimi nikawasikiliza. Nikanunua masega ya mtumba Gerezani kwa laki nne, nikarudisha na bomba la saizi ya kiwandani. Gari ikatulia kidogo, nikashukuru Mungu.

Miezi mitatu tu. Safari ya Iringa, kwenye mlima wa Kitonga, nikikanyaga mafuta gari inazidi kufa. Tukasimama pembeni na mke wangu na watoto, giza linaingia, chini ya gari masega yamekuwa mekundu kama mkaa. Yale ya laki nne.

Niliporudi ndipo fundi mwingine akafanya kile ambacho wa kwanza alipaswa kukifanya. Akafungua sensa ya oksijeni ya mbele, iliyo kabla ya masega, kwenye tundu lake akafunga geji ya presha. Masega mazima, silensa geji haipaswi kuvuka psi 1.5 (psi ni kipimo cha presha), na ukishikilia mizunguko 2,500 kwa dakika isifike 3. Yangu ilisoma 4 silensa, na kwenye 2,500 ikavuka 8. Akafungua: sega limeyeyuka, limekuwa donge.

Akaniuliza, "Nani ameyaua haya?" Mashine ya kusoma kodi za hitilafu ikajibu: P0303, silinda ya tatu inamisi, haiwashi mafuta vizuri. Koili mbovu, ile inayoipa plagi umeme wa cheche! Petroli isiyoungua ilikuwa inatoka silinda ya tatu inaenda kuungulia ndani ya masega, moto unazidi mpaka kauri ya masega inayeyuka. Koili ile nilinunua elfu arobaini na tano. Ndiyo iliyokuwa inaitetemesha gari tangu siku ya kwanza kule Tabata, na mpaka nafika kwenye koili hiyo nilishatoa zaidi ya laki sita. Kama yale ya mwanzo yalikuwa yameziba kweli sitajua tena, yalishauzwa.

Sasa soma tena ulichoandika. Inatetemeka ikiwa silensa. Masega yaliyoziba mara nyingi hukaba ukikanyaga mafuta, mizunguko ikipanda, si wakati gari imesimama tu. Mimi naiona koili au plagi hapo, na ukikata kesho utakuwa umeuza masega na ugonjwa umebaki.

Kesho asubuhi soma kodi za hitilafu kwa mashine kwanza. Ukikuta P0301 hadi P0304, tarakimu ya mwisho ndiyo silinda. Hamishia koili yake silinda ya jirani, futa kodi, endesha, soma tena. Kodi ikihama na koili, umempata muuaji. Isipohama, kagua plagi ya silinda hiyo; ikiwa nzima, tafuta fundi mwenye geji, na usimame pale ukiangalia mshale kwa macho yako. Njoo uandike hapa umesoma ngapi.