Jina langu liko CRB: je, mkopo wa nyumba wa riba unaniwia halali kwa dharura?

SWALI

Assalamu alaykum sheikh. Mimi ni mwalimu wa shule ya kibinafsi hapa Nairobi, mjane mwenye watoto watatu. Nimepanga Umoja kwa shilingi 18,000 na kodi imepandishwa mara mbili. Mwaka 2020 shule zilipofungwa, mshahara ulikatika. Nilikopa kwa simu shilingi 12,000 za benki na 8,000 za programu ya mikopo ili tule. Nikashindwa kulipa, nikaorodheshwa CRB, ofisi inayotunza kumbukumbu za wanaokopa na kulipa. Sasa nimeona nyumba ya vyumba viwili Athi River, shilingi milioni 2.5. Sijawahi kumiliki nyumba. Wengine wananiambia mikopo ile nisiilipe kwa kuwa ilikuwa ya riba. Wengine wananiambia nimpe kijana fulani 15,000 anisafishie jina, au nikope kwa jina la binamu yangu. Na ustadhi mmoja ameniambia mkopo wa nyumba wa benki ni halali kwetu kwa dharura, kama walivyoruhusiwa Waislamu wa Ulaya. Nifanye nini?

JIBU

Wa alaykumu ssalaam warahmatullah. Dada yangu, barua yako nimeisoma zaidi ya mara moja. Mwaka ule walimu wa shule za kibinafsi waliuza mboga barabarani, na wengine waliona haya hata kuomba. Mama aliyekopa ili wanawe wale si sawa na aliyekopa ili acheze kamari. Toba kwa yaliyopita inatosha, na Mola wako ni Msamehevu. Wala sitakwambia usubiri tu kana kwamba kutaka nyumba yako mwenyewe ni tamaa ya dunia. Nyumba ni katika neema ambazo Mwenyezi Mungu amezitaja katika Suratun Nahl.

Naanza na mikopo ile, kwa sababu neno uliloambiwa limeenea sana mjini, hasa kwa vijana, na ni neno baya. Eti mkopo ulikuwa wa riba, kwa hiyo haulipwi! Anayesema hivi ameisoma aya ya riba nusu. Katika Suratul Baqara, baada ya Mwenyezi Mungu kutangaza vita dhidi ya wala riba, aliwaambia wakitubu wana haki ya rasilimali zao, wasidhulumu wala wasidhulumiwe. Aya ya 279 hiyo. Hata mla riba mtaji wake ni haki yake. Kilichobatilishwa ni nyongeza. Kwa hiyo zile 12,000 na zile 8,000, ukiondoa ulichokwisha kulipa, ziko shingoni mwako. Mtume (S.A.W.) aliletewa jeneza la mtu mwenye deni la dinari tatu, akawaambia Masahaba wamswalie mwenzao, yeye mwenyewe akajizuia mpaka Abu Qatada alipolibeba deni lile. Dinari tatu tu! Nani basi anapata ujasiri wa kumwambia mjane aende na deni lake kaburini?

Nyongeza si haki yao mbele ya Mwenyezi Mungu, lakini mkataba na sheria ya nchi vinakubana. Nenda ukajadiliane nao. Waambie uko tayari kulipa mtaji kwa mkupuo au kwa awamu, wakupunguzie riba na faini, na mkikubaliana chochote kiandikwe. Ujue pia kwamba kifungu cha 44A cha Sheria ya Benki kinaweka mpaka: mkopo wa benki ukikwama, riba inayoendelea haiwezi kuzidi deni la msingi lililokuwa limebaki siku ulipokwama. Wakikuletea hesabu iliyopita hapo pamoja na gharama za kukufuatilia, una haki ya kuikataa. Wakishikilia sehemu ya riba na hakuna njia nyingine ya kujitoa, ilipe huku moyo wako ukiichukia. Dhambi yake iko kwa anayeipokea, maadamu wewe umetubu na hutarudia.

Na kama hata mtaji huna, usione haya kwenda kwa kamati ya zaka ya msikiti wako ukiwa na karatasi zako. Wenye madeni wametajwa kwa jina katika Suratut Tawba, aya ya 60. Mjane aliyekopa ili kulisha watoto ni katika wa kwanza kustahiki, na hapa nazisemesha kamati zetu vilevile, maana nyingi hugawa mchele wa Ramadhani na kuwasahau wadaiwa mwaka mzima.

Kijana wa 15,000 mwache. Ama atahonga mtu, na Mtume (S.A.W.) amemlaani mtoa rushwa na mpokeaji, ama atakula pesa yako na jina libaki palepale. Una haki ya kupewa ripoti yako ya CRB bila malipo mara moja kwa mwaka. Ichukue uone kilichoandikwa. Kama kuna deni usilolijua au ulilokwisha kulipa, peleka pingamizi, ni haki yako kisheria. Ukishalipa, mkopeshaji anatakiwa kupeleka taarifa kwamba umelipa. Kumbukumbu ya kuchelewa itabaki miaka 5, lakini deni lililoandikwa "limelipwa" si sawa na deni lililo wazi, na benki nyingi huitazama tofauti hiyo.

Jina la binamu ni hatari kuliko unavyodhani. Benki itadanganywa kuhusu nani mkopaji, na hati itatoka kwa jina lake. Siku akifariki, nyumba uliyoilipia miaka kumi itaingia katika mirathi yake, na utasimama mbele ya Kadhi ukishindana na mayatima wake bila karatasi hata moja mkononi.

Sasa nije kwa neno la ustadhi, nalo ndilo lililonifanya nijibu kwa urefu. Uamuzi anaoutaja ni wa Baraza la Ulaya la Fatwa na Utafiti, wa mwaka 1999. Naomba yeye na wanaoueneza wausome wote. Baraza lile lilianza kwa kusisitiza kwamba riba ni haramu na kwamba faida za benki ni riba, likawahimiza Waislamu watafute njia mbadala zisizo na shaka. Ndipo likaruhusu, kwa asiyepata mbadala, kwa masharti: nyumba iwe ya kukaa yeye na familia yake, asiwe na nyumba nyingine, asiwe na mali ya ziada ya kumwezesha kununua kwa njia nyingine. Ruhusa iliyojengwa juu ya kukosekana kwa mbadala unaihamishaje hadi Nairobi, ambako benki zinazofuata sharia zipo tangu mwaka 2008?

Wanaoiunga mkono huongeza kauli ya Imam Abu Hanifa inayoruhusu mikataba ya riba kati ya Muislamu na asiye Muislamu katika nchi isiyo ya Kiislamu. Wanazuoni walio wengi, Imam Shafi ambaye madhehebu yake ndiyo yetu pwani na bara akiwa miongoni mwao, hawakuikubali. Hata Abu Yusuf, mwanafunzi wa Abu Hanifa mwenyewe, aliipinga. Na Ibn al-Humam, katika wakubwa wa Kihanafi, amebainisha kwamba walioruhusu walikusudia pale ambapo ziada inamwendea Muislamu. Katika mkopo wa nyumba ziada inatoka mfukoni kwa Muislamu! Isitoshe, kauli ile inahusu nchi ya vita, yaani iliyo vitani na Waislamu. Hii ni nchi ambayo katiba yake, kifungu cha 170, inaziweka Mahakama za Kadhi. Kuiita nchi ya vita ili tupate mkopo ni kuichezea dini.

Ama dharura, ni pale mtu anapochelea kuangamia. Wewe una paa juu ya kichwa. Kodi ni nzito, mwenye nyumba anakusumbua, na hayo ni mashaka ya kweli, lakini kupanga ni halali na kunawezekana. Na huo mkopo hauondoi mashaka. Tuseme unakopa milioni 2 kwa asilimia 14 kwa miaka 20: utalipa takriban shilingi 24,900 kila mwezi, karibu milioni 6 kwa jumla. Mwezi mmoja shule isipolipa, umerudi mwaka 2020, na safari hii kilichowekwa rehani ni nyumba ya watoto.

Utaniuliza kama benki za Kiislamu ni nafuu. Si lazima ziwe nafuu, nazo pia hutazama CRB. Tofauti iko katika mkataba. Katika ushirika unaopungua, benki inanunua nyumba pamoja nawe. Unalipa kodi ya fungu lake huku ukilinunua kidogo kidogo mpaka liishe. Kabla ya kutia sahihi uliza: nyumba ikiungua, hasara ni ya nani? Wakisema yote ni yako, basi huo si ushirika. Uliza pia faini ya kuchelewa inakwenda wapi. Haifai kuwa pato la benki.

Njia nyingine ni kununua kiwanja kwa awamu kutoka kwa mwenyewe, kama watu wengi wanavyofanya Kitengela na Joska. Bei ya awamu kuwa juu ya bei ya taslimu inajuzu kwa wanazuoni wengi, mradi bei iwe moja, imetajwa na haibadiliki. Kifungu kinachosema "ukichelewa utaongezewa asilimia kadhaa" kitoe, maana hiyo ndiyo riba ya zama za ujahilia yenyewe. Na usitoe hata shilingi kabla ya kuchunguza hati kwenye masjala ya ardhi.

Nyumba ya Athi River iache kwa sasa. Wiki hii chukua ripoti yako, uandike mtaji uliobaki wa kila deni na tarehe uliyolipa mara ya mwisho, kisha uniletee kabla ya Ijumaa ili nami niende nawe kwenye kamati ya msikiti. Mwenyezi Mungu akukunjulie riziki, akulindie wanao, amrehemu baba yao.

Wallahu a'lam.