Amedisko, analala mchana kutwa: nimfukuze au nimvumilie?

Dada yangu wa Tabata, umeandika kwamba mwanao wa kiume, miaka 23, alirudi kutoka chuo kikuu mwaka jana akidai yuko likizo, ukaja kugundua amedisko, yaani ameondolewa chuoni kwa kufeli. Tangu hapo analala mchana, usiku anakesha na simu, hali pamoja nanyi, na huweza kukaa siku tatu bila kuoga. Baba yake anataka aondoke. Wewe unampa shilingi 5,000 kila siku kwa siri, na sasa mauzo ya genge yanapungua bila maelezo. Unauliza: nimfukuze au nimvumilie?

Usichague lolote kati ya hayo mpaka ujue ana nini. Kijana mwenye aibu, kijana mwenye sonona (ugonjwa wa huzuni nzito) na kijana aliyenaswa na kubeti hufanana kwa nje, na mmoja anaweza kuwa na yote matatu. Ukimkazia mgonjwa kama unavyomkazia mvivu, anazama zaidi. Ukimpa fedha anayebeti kwa sababu unamwonea huruma, unamlipia mkeka wa kubeti.

Kwa hiyo anza kwa kuzungumza naye, na usiitishe kikao cha wajomba na mashangazi. Mbele ya ukoo kijana atakubali kila kitu ili kikao kiishe, na kesho hutaona kilichobadilika. Msubiri jioni akiwa ameshaamka vizuri, mkae wawili mkifanya kazi ya mikono, kuchambua mchele au kupanga bidhaa za genge, asilazimike kukutazama usoni. Mwambie ulichokiona bila kukipa jina: “Naona huli, naona hulali usiku, naogopa.” Kisha nyamaza. Wazazi wengi huharibu hapa kwa kujaza ukimya na mawaidha ya ada iliyopotea.

Sikiliza dalili za sonona: huzuni, au kutojali hata vitu alivyovipenda, karibu kutwa nzima kwa wiki mbili au zaidi, pamoja na uchovu, usingizi na hamu ya kula kuvurugika, kushindwa kutuliza akili, kujiona hana thamani. Halafu muulize waziwazi kama amewahi kufikiria kujiua. Kumuuliza hakumpandikizii wazo hilo. Mara nyingi humpunguzia mzigo. Kuwa na mawazo hayo si kosa la jinai, basi msiogope kumweleza daktari. Akisema ndiyo, nendeni hospitali siku hiyohiyo na asiachwe peke yake. Lakini sumu ya panya na akiba ya vidonge viondoe nyumbani leo, kabla hata hujamuuliza.

Akiwa anasikia sauti wasizosikia wengine, au anaamini watu wanamfuatilia, usingoje wiki mbili. Magonjwa ya akili ya namna hiyo kwa wanaume huanza sana katika umri wake, na kadiri tiba inavyochelewa ndivyo kupona kunavyokuwa kugumu. Kama mnaomba, endeleeni kuomba, ila maombi yasichukue nafasi ya dawa, na asifungwe wala kuchapwa.

Kwenu hospitali ya rufaa ya mkoa iliyo karibu ni Amana. Tatizo zito zaidi hupelekwa Muhimbili. Uliza mapema kama bima yako bado inambeba kwa umri wake, la sivyo andaa fedha ya kumwona daktari na vipimo, kwa sababu upungufu wa damu au tezi ya shingo isiyofanya kazi vizuri nayo huleta uchovu wa namna hii. Akiandikiwa dawa za sonona, nafuu huanza kuonekana baada ya wiki mbili hadi nne, wakati madhara madogo kama kichefuchefu au usingizi huja siku za mwanzo. Ndiyo maana wengi huziacha siku ya kumi wakidhani zimeshindwa. Kwa walio chini ya miaka 25, wiki hizo za mwanzo mawazo ya kujiua yanaweza kuongezeka, kwa hiyo mwangalie kwa karibu, na dawa zitunze wewe, umpe dozi ya siku tu. Amitriptyline, mojawapo ya dawa za sonona, ikinywewa nyingi kwa pamoja inaua. Akipata nafuu asiache ghafla. Huendelea nazo miezi kadhaa, na daktari ndiye anayezipunguza.

Sasa fedha. Shilingi 5,000 kwa siku ni 150,000 kwa mwezi, na mumeo hajui. Mweleze kabla ya jambo lingine, maana mwanao anajua vizuri nani wa kumwendea. Kisha acheni fedha ya kila siku. Chakula kipo nyumbani. Nauli ya kliniki mlipie siku ya safari. Zaidi ya hapo apewe kiasi kidogo kinachojulikana kwa wote wawili, kila Jumamosi. Hesabu mauzo ya genge mchana na jioni na uondoke na fedha, bila kumwita mwizi. Kama ana mikopo ya simu au kausha damu, ile ya mtaani yenye riba kubwa, iandikeni yote kwenye karatasi kwanza. Usilipe deni hata moja kabla akaunti za kubeti hazijafungwa mbele yako, la sivyo utalipa tena mwezi ujao.

Usingizi haurudishwi kwa kelele. Shikeni saa ya kuamka, siyo ya kulala. Kama anaamka saa nane mchana, iwe saa saba kwa siku tatu, kisha saa sita, mpaka mfike asubuhi. Akiamka atoke nje, akae juani. Asinywe kahawa wala vinywaji vya kuongeza nguvu baada ya saa nane mchana. Mpe kazi moja yenye saa na yenye watu wanaoitegemea, kwa mfano kujaza maji. Kazi moja tu. Ukimpa sita, atashindwa zote.

Masomo yangoje kidogo, ila karatasi zisingoje: achukue matokeo yake chuoni na kuuliza ofisi ya msajili masharti ya kuomba upya. Kama alikopeshwa na Bodi ya Mikopo, deni linabaki hata kama hakumaliza. VETA, vyuo vya ufundi stadi, wana kozi fupi, na kwa aliyedisko kozi ya miezi michache anayoimaliza ina faida kuliko digrii anayoianza upya kwa hofu.

Kuhusu baba yake: mkubaliane miezi mitatu. Akiwa na afya na bado anakataa kila kitu, anaweza kuhama, lakini aambiwe tarehe mapema. Wenye nyumba wengi Dar es Salaam hudai kodi ya miezi kadhaa kwa mkupuo, na hana hiyo. Mkilipa ninyi, mlipeni mwenye nyumba mkononi, mumpe godoro na jiko, na Jumapili aje kula nyumbani. Akiwa mgonjwa, haondoki.