Bentham, kiapo na sanduku la kikoba

Mkuu, umeuliza asiye na dini anapata wapi maadili ikiwa haogopi moto. Nitakujibu kwa Jeremy Bentham, mwanafalsafa wa Kiingereza, maana huyo nimeonana naye uso kwa uso. Nilipokuwa nasoma London nilikuwa nampita pale University College, chuo kilichoanzishwa 1826 kupokea wanafunzi bila kuwauliza dini. Mifupa yake imevalishwa nguo zake mwenyewe, zimejazwa nyasi kavu, imekaa kitini ndani ya kioo. Kichwa ni cha nta. Alifariki 1832 akiwa ameusia mwili upasuliwe watu wajifunze, kisha utunzwe. Yaani hata maiti iwe na faida! Kwetu tuliozoea kuzika siku hiyohiyo, niliona uchizi.

Kipimo chake ni kimoja: jambo hili linawaongezea raha au maumivu wote linaowagusa? Ndiyo maana katika kitabu chake cha 1789 alisema kuhusu wanyama kwamba swali si kama wanafikiri au wanasema, ni kama wanaumia.

Dini aliishambulia kwa kujificha. Kitabu cha 1822 kilichotokana na maandishi yake kilitoka kwa jina bandia, Philip Beauchamp, na mchapishaji wake, Richard Carlile, alikuwa tayari jela kwa kosa la kukufuru. Hoja iliyonikamata ni hii: adhabu ya akhera iko mbali, na mkosaji hana hakika nayo, hivyo hata ikikuzwa vipi haimshiki mwenye tamaa ya leo. Kinachomshika ni sheria na macho ya watu.

Nikakumbuka kikoba chetu Tanga. Viongozi waliapa, huyu kwa msahafu, yule kwa Biblia, na hela zikapungua vilevile. Tukaweka kufuli tatu, funguo kwa watu watatu, sanduku linahesabiwa mbele ya wote kila Jumamosi. Halijapungua tena hata shilingi.

Lakini mimi bado naswali, na kuna kitu Bentham hanimalizii. Bibi yangu aliwahi kuzidishiwa chenji dukani. Hakuna aliyeona. Akatembea kurudi na jua lile, magoti mabovu. Nikamuuliza, bibi, kwa nini usingoje kesho?

"Mungu ananiona," akasema. "Halafu yule kijana jioni angekatwa mshahara."